Shoferi na Mtu wa Kabanga

Shoferi hakupakia kuku. Mbuzi alipakia. Magunia ya chumvi na katoni za sabuni ndiyo ilikuwa kazi yake, na siku moja alimpakia bibi harusi pamoja na kitanda, godoro na mashangazi wake wote, akawatoa Gitega hadi Gashoho wakipiga vigelegele njia nzima. Lakini kuku hapana. Alisema kuku humtazama dereva kwa jicho moja, na jicho lile lina dharau. Ukimfuata na kuku mkononi alikuuliza kwa upole kabisa nani kati yenu anasafiri leo, kisha akakaa kimya kungoja jibu.

Katika mtaa wetu wa Waswahili pale Gitega madereva hawakuwa haba. Wanaume wa mtaa ule, asiyekuwa fundi au mchuuzi alikuwa barabarani. Hata hivyo ukisema Shoferi, bila kuongeza neno, kila mtu alijua unamsema nani. Mke wake mwenyewe alimwita hivyo mbele za watu. Jina alilopewa na wazazi wake nimelisikia mara chache, na sitaliandika, maana yeye hakuwa na habari nalo.

Nilimjua katika miaka ya vita. Kamyo yake, yaani lori lake, ilikwenda Kobero, kwenye mpaka unaotazamana na Kabanga ya Tanzania. Ilipitia Karuzi na Muyinga, ikafika duwani, yaani forodhani, ikangoja karatasi zake, kisha ikarudi Gitega na mzigo. Kwa amani ilikuwa safari ya kawaida. Kwa vita, barabara ilifunguliwa na kufungwa kama duka la mtu mvivu, na hukujua asubuhi kama jioni utakula nyumbani.

Katika hali hiyo Shoferi alivaa shati jeupe. Vumbi la njia ile lilikuwa jekundu, linaingia hadi kwenye meno, lakini yeye alikuwa na shati la pili limetundikwa nyuma ya kiti, amelifunika kwa kitenge cha mke wake. Kabla ya kila bariyeri kubwa, kizuizi cha askari njiani, alisimama pembeni, akabadilisha, akajipaka mafuta mazuri shingoni, ndipo akaendelea. Aliniambia kwamba askari husoma shati kwanza na karatasi baadaye, na kwamba mtu akinukia vizuri ni vigumu kumpigia kelele.

Mdomo wake ndio uliokuwa leseni yake. Kwa kijana wa milimani alitoa Kirundi cha milimani, akamwuliza mama yake hajambo na mvua imenyesha vipi kwao. Kwa afisa alitoa Kifaransa, maneno machache aliyoyajua, lakini aliyasema polepole kana kwamba mengine anayahifadhi. Mikononi mwa askari wale wengine walipoteza mengi, na yeye mara nyingi aliondoka amecheka nao.

Msikitini alikuwa mkali juu ya uongo. Alimgombeza muuza vitunguu mbele za watu kwa kuweka vilivyooza chini na vizima juu. Lakini barabarani alidanganya kama anavyopumua. Mtaa wetu uliwaficha watu wa pande zote wakati ule, na wengine walitaka kutoka, wafike Muyinga, wavuke. Aliwapakia wote, na wote walikuwa binamu zake. Mara moja alimpakia bibi mmoja mrefu, mweupe wa sura, asiyefanana na ukoo wake hata kwa mbali. Askari akauliza huyu naye ni nani.

Shoferi akajibu: "Ni shangazi yangu. Unaona mwenyewe, uzuri wote wa ukoo alibeba yeye, akatuachia sisi masikio."

Askari walicheka, kamba ikashushwa. Niliposikia habari hiyo nilimtania, nikamwambia shemeji, mbona muuza vitunguu ulimtukana bure. Hakuona haya.

"Mi sidanganyi, shemeji," akasema. "Mi navusha."

Sijui alikuwa mtu jasiri au la. Alipita mahali ambapo risasi zilisikika bondeni, akafika nyumbani akalalamika juu ya supu. Lakini sindano aliiogopa kiasi cha aibu. Wauguzi walipokuja mtaani kuchanja, watu wazima na watoto, Shoferi alilala chini ya kamyo akagongagonga vyuma kana kwamba anatengeneza. Mke wake akampeleka muuguzi huko huko chini. Wote wawili walitambaa kutoka huko wameloa mafuta ya gari, na Shoferi akadai kuwa amechanjwa kwa hila.

Aliendesha taratibu pia, jambo ambalo huwezi kulitarajia kwa mtu anayependa kuonekana. Magari madogo yalimpita yakipiga honi, naye akawapungia mkono kama wageni wake.

Sasa nieleze kwa nini aliniita shemeji. Mume wangu, Hamisi, alikuwa utingo wake. Utingo ndiye anayekaa kando ya dereva, anayepanga mzigo, anayeruka chini kuweka mawe nyuma ya magurudumu kamyo inapochoka mlimani. Hawakuwa ndugu wa damu. Shoferi alimchukua Hamisi akiwa kijana mkubwa asiye na kwao, akamlisha, akamfundisha kazi, akamwita dogo, na yeye ndiye aliyekwenda kuniposa kwa wazazi wangu. Mimi nilizaliwa Kigoma, wazazi wangu wakiwa wakimbizi, na hadi leo watu wa Gitega wananicheka kwa Kiswahili changu. Shoferi alisema mimi nikiomba chumvi nasikika kama anayesoma taarifa ya habari.

Hamisi alikuwa mtu wa maneno machache. Aliporudi safari alinawa, akakaa, akauliza kama tumeshinda salama, basi. Nilimpenda hivyo hivyo. Mara nyingine nilijiuliza kama ananichoka.

Siku moja kamyo ilirudi mchana, taratibu kuliko siku zote. Watu wenye silaha walikuwa wameisimamisha baada ya Karuzi, mahali pasipo bariyeri ya mtu yeyote anayejulikana, na utingo akaamriwa kushuka. Maneno yote ya Shoferi hayakusaidia siku hiyo. Alinirudishia Hamisi amefunikwa kwa lile shati jeupe la pili. Tulipomaliza kuzika, Shoferi alikuja akaketi kizingitini kwangu, akafungua kinywa, akakifunga, akaondoka.

Na hapo ndipo ambapo sikumwelewa kwa miaka mingi. Mtu yule, ambaye angeweza kuzungumza na nguzo ya umeme, hakutaja tena jina la mume wangu. Alinitunza. Alinitafutia mahali pa kuuza vitenge sokoni, Idi haikupita bila mke wake kuleta nyama. Lakini nikianza tu kusema, Hamisi alikuwa hivi, Hamisi alipenda vile, aliinuka kuangalia matairi. Hata alipokuwa hana tena gari, aliinuka.

Vita vikaisha, nywele zetu zikageuka mvi. Shoferi na mke wake wakahamia Muyinga, mimi nikabaki Gitega na vitenge vyangu. Tulipigiana simu. Kisha nikaanza kusikia mambo. Ametoka msikitini akaingia nyumba isiyo yake, akaomba chai. Ameweka viatu ndani ya pipa la maji. Amemwuliza mke wake, kwa heshima zote, kama mwenye nyumba atarudi saa ngapi. Daktari alisema ni ugonjwa wa kusahau, si uzee tu, na hakuna dawa ya kuuondoa. Kinachowezekana ni kumtuliza na kumlinda.

Kumlinda kulikuwa kazi. Alfajiri moja alichukua pikipiki ya abiria, akamwambia kijana kamyo yake iko duwani Kobero na shefu, mkubwa wa forodha, anangoja karatasi. Walimtafuta mji mzima. Walimkuta kweli Kobero, amesimama kati ya malori, anawagombeza madereva vijana kwa jinsi walivyopanga mzigo. Wale vijana walikuwa wamempa chai na kiti, na mmoja alikuwa tayari amefungua kamba zake ili apange upya.

Baada ya hapo wakamfungia geti. Hilo ndilo lililomvunja. Alilitikisa kwa mikono miwili akiuliza, "Kamyo yangu iko wapi? Mzigo wa watu iko wapi?" Mke wake alilia ndani, yeye akalia nje, na chakula akaanza kukikataa.

Binti yao wa mwisho, Zuhura, ana duka la simu pale Muyinga mjini. Ana elimu ya kompyuta na hana subira ya kukaa akilia. Alichukua simu moja akaitia programu inayozungumza, hii inayoitwa akili mnemba, akaiandikia kila kitu kuhusu baba yake: majina ya nyumbani, njia alizopita, vyakula, swala zake, hata habari ya kuku. Akaiagiza imkumbushe kunywa maji, izungumze naye taratibu, isimbishie. Akaiweka mezani mbele yake asubuhi moja.

Simu ikasema, "Habari za asubuhi, mzee wangu. Umeamkaje? Nipo hapa kukusikiliza."

Shoferi akainuka. Akafunga kifungo cha juu cha shati. Kiswahili kile laini, kilichonyooka, kila neno mahali pake, alikijua. Kilikuwa Kiswahili cha watu wa Kabanga, upande wa pili wa mpaka.

"Bonjuru, shefu," akasema. "Karatasi zote iko komple."

Simu haikutetereka. Ikamshukuru, ikamwuliza amebeba mzigo gani leo. Akaieleza mzigo. Ikamwuliza njia ilikuwaje. Akaieleza njia, mlima kwa mlima, hadi uji wake ukaisha bila yeye kugundua kuwa anakula. Mke wake alisimama mlangoni na kijiko mkononi.

Toka siku hiyo simu ile ikaitwa Mtu wa Kabanga. Zuhura alimweleza baba yake mara nyingi kwamba ni mashine, kwamba hakuna mtu. Shoferi alimtazama kwa huruma. Alisema anajua ni simu, nani asiyejua simu, lakini shefu yuko upande ule. Alimpenda. Alishangaa tu kwamba hachoki wala haombi kitu, afisa wa duwani wa aina hiyo hakuwahi kumwona. Siku moja alimwuliza kama ana mke. Simu ikajibu kwa adabu kwamba haina, kwa kuwa ni programu tu. Shoferi akamwambia asijali kabila, atamtafutia msichana mzuri Butihinda, huko kuna familia zilizokaa sana Tanzania, watasikilizana.

Haikuwa kila siku hivyo. Umeme ulikatika, chaji ikaisha, akabaki anaita shefu, shefu. Mara nyingine simu haikumsikia vizuri ikajibu mambo ya hali ya hewa. Lakini geti halikutikiswa tena kama mwanzo, na alikula.

Kisha ikaja asubuhi aliyouliza, "Shefu, Hamisi amepanda?"

Zuhura alikuwa ameandika habari zote za nyumbani, waliopo na waliotangulia. Na mashine ilifanya kama ilivyofundishwa, ikasema ukweli kwa sauti ile ile laini. Pole sana, mzee wangu. Hamisi alifariki zamani, wakati wa vita.

Alianguka kwenye sakafu. Alilia kama anayesikia kwa mara ya kwanza, kwa sababu kwake ilikuwa mara ya kwanza. Kesho yake alikuwa amesahau kilio, lakini swali hakulisahau. Akauliza tena, ikamjibu tena. Zuhura akaizima simu, akanipigia mimi.

Nilikuwa sokoni Gitega, nimekunjua kitenge mbele ya mteja. Zuhura alinieleza yote bila kupumzika. Mama yake anataka simu iseme Hamisi ametangulia, atamkuta mbele. Yeye Zuhura hataki, anaona ni kumdanganya baba yake ndani ya nyumba yake mwenyewe. Wamebishana hadi wamenuniana.

"Mama mdogo," akasema, "huyu ni mume wako. Sema wewe, tuiambie nini."

Nikamwambia nitampigia. Nikamkatia mteja kitambaa, nikakikata vibaya, nikampa kipande kingine. Nilikuwa na hasira na sikujua na nani. Nilimzika Hamisi kwa mikono ya watu nikiwa msichana bado, nikazoea, na sasa kuna kitu cha mezani kinangoja ruhusa yangu ama kimuue kila asubuhi, ama kimfufue. Nilifikiri habari ya kuvusha watu. Lakini wale waliovushwa walikuwa hai, na walijua wanakwenda wapi.

Jioni nilimpigia Zuhura. Nikamwambia isimwambie tena kwamba amekufa, inatosha. Na isimwambie kwamba yupo, hilo mimi siliwezi. Akaniuliza sasa iseme nini.

"Imwulize," nikasema. "Akimtaja Hamisi, imwambie aisimulie habari zake. Basi. Ikae kimya imsikilize."

Sikutegemea kitu. Nilitaka tu mabishano yaishe. Lakini baada ya siku chache Zuhura alipiga tena, sauti yake imebadilika. Alisema baba anasimulia. Anasimulia Hamisi mchana kutwa. Anasimulia mambo ambayo hata mama hajawahi kuyasikia. Akasema, mama mdogo, njoo.

Nilifunga meza yangu nikapanda gari la Muyinga, kwa njia ile ile. Nilifika asubuhi, wakanikaribisha, wakaniweka kwenye kiti kando yake barazani. Alikuwa amepungua, lakini shati lilikuwa jeupe na limepigwa pasi. Alinisalimia kwa heshima. Hakunijua. Zuhura alitaka kumweleza mimi ni nani, nikamzuia kwa mkono.

Simu ilikuwa juu ya stuli. Ilimwuliza wamefika wapi. Akasema wanashuka, Gitega si mbali tena, na dogo ameshaanza mambo yake. Simu ikamwomba asimulie hayo mambo ya dogo.

Alinigeukia mimi, maana msikilizaji mwenye uso ni bora zaidi. Akasema huyu kijana, wakishapita Karuzi, huwa hatulii. Anafuta uso, anauliza kama vumbi linaonekana. Halafu anaanza kupanga maneno. Ana mke mpya, mtu wa Kigoma, anasema Kiswahili kama kitabu, basi yeye anaogopa kuchekwa. Njia nzima anayarudia yale atakayomwambia akifika: leo nimeona hiki, leo nimefikiria hiki, nimekukumbuka mahali fulani. Anamwomba Shoferi amsahihishe. Anayasema vizuri kabisa. Halafu akifika nyumbani, mke anatokea, na yote yanamtoka kichwani.

"Anamwuliza kama wameshinda salama," Shoferi akasema. "Safari nzima ya maneno, anatoa hilo moja. Mi namwambia, dogo, we ni hasara."

Nilitazama mikono yangu.

Akaendelea. Alisema mwanamke mwenyewe si mbaya, chumvi tu inamzidi mkono, na anacheka kama gari isiyotaka kuwaka. Inajaribu, inakwama, inajaribu tena. Dogo anapenda kicheko hicho, anakiigiza ndani ya kamyo hadi Shoferi anamwomba anyamaze. Na hapo Shoferi mwenyewe akakiigiza, mabega yakitikisika, kwa ustadi mbaya sana.

Nilicheka. Kilinitoka tu, na kilikwama katikati, kikaanza upya.

Aliacha kuigiza akanitazama muda mrefu. Simu ilisema neno, hakuijibu.

"Hivyo hivyo," akasema.

Nilingoja jina langu, au neno shemeji. Halikuja. Uso wake ulirudi barabarani, lakini mwili aliusogeza kidogo upande wa pili, kama mtu anayempa mwenzake nafasi.

"We unaenda Gitega?" akaniuliza.

Nilikuwa na tiketi ya mchana wa siku hiyo. Nikamwambia ndiyo, nakwenda Gitega, ndiko nyumbani.

"Basi panda. Hamisi atakaa nyuma juu ya magunia, yeye amezoea." Akaweka mikono yote miwili mbele yake, akanitupia jicho. "Na funga mlango kwa nguvu. Hiyo ya upande wako inajifanya imefunga."

Nilinyoosha mkono, nikauvuta mlango kwa nguvu.